Mkono wa kushoto ulibaki kwenye fotokopi

Karatasi ilichomoka kwenye kikapu cha ukili, ikaangukia miguuni pangu. Nikaiokota. Ilikuwa nusu ukurasa wa daftari la shule, maneno ya wimbo yameandikwa kwa kalamu ya buluu, na juu ya maneno hayo kuna mishale: huu unapanda, huu unashuka, mwingine umepinda kama mkia wa paka aliyeshtuliwa. Noti hapakuwa na hata moja. Lakini kila baada ya maneno manne au matano, mwenye karatasi alikuwa amejiamuru kwa herufi kubwa: PUMUA. Nilihesabu nikapata mara 11. Ya mwisho ilikuwa imepigiwa mistari miwili, na ncha ya kalamu imetoboa karatasi.

"Ya nani hii, Mwalimu?"

"Ya mtu aliyeimba vizuri," alinijibu bila kugeuka. "Irudishe humo, mwanangu. Huenda akaja kuitafuta."

Baadaye ndipo nilipojua kwamba mtu huyo anangojwa huu mwaka wa tatu.

Sikuwa nimekwenda kutafuta habari. Nilikuwa shangazi aliyemsindikiza mpwa wake wa miaka 19 kwenye usaili, Jumamosi asubuhi, katika ukumbi wa kanisa mtaani Tudor, Mombasa. Kikundi cha watu wanaojitolea kilikuwa kinatafuta waimbaji wa tamthilia ya nyimbo. Hapo nje walipanga foleni walimu wa msingi, karani wa bandarini, wanafunzi wa chuo, fundi wa friji aliyekuja na ovaroli yake, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Hakuna atakayelipwa. Watafanya mazoezi jioni baada ya kazi, kwa miezi, wapande jukwaani siku chache, kisha warudi makwao. Mchezo wenyewe siutaji kwa kuwa bango lao halijatoka.

Wanaofuatilia jukwaa wanajua tulikotoka: mashindano ya muziki ya Kenya yaliyoanza mwaka 1927, Sarafina! ya Mbongeni Ngema iliyozaliwa Johannesburg mwaka 1987, filamu yake ya 1992 iliyowakalisha kimya wanafunzi wengi wa bweni, Mo Faya ya Eric Wainaina iliyofika New York mwaka 2009. Hayo yameandikwa. Sijaona aliyeandika juu ya kinachotokea kabla ya yote hayo, usiku ule mtu anapokaa kitandani na simu yake akijiuliza: nitaimba nini?

Tangazo la usaili lilikuwa fupi. Njoo na vipimo 16 vya wimbo unaoupenda. Njoo na noti zako. Mpiga kinanda atakuwepo.

Mpiga kinanda ndiye mwenye kikapu. Ni mwalimu wa muziki aliyestaafu, mwanamke mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni, na katika ukumbi mzima ndiye pekee ambaye hakuna aliyemwita kwa jina. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata mwelekezi wa mchezo ambaye si kijana. Alikubali niandike aliyoniambia kwa sharti moja, kwamba jina lake lisitokee. "Andika mpiga kinanda. Inatosha."

Piano ya ukumbi ipo, imefunikwa shuka ukutani. Unyevu wa bahari umevimbisha mbao zake, na vitufe kadhaa ukivibonyeza havirudi. Kwa hiyo Mwalimu huja na kibodi yake ya umeme, stendi yake ya chuma, na kikapu. Ndani ya kikapu mna karatasi ambazo waimbaji wamezisahau mbele yake kwa miaka mingi. "Mtu akishaimba anataka kutoka tu," alisema. "Huacha karatasi, huacha chupa ya maji. Mmoja aliacha viatu." Hatupi karatasi hata moja. Wakati wa mapumziko ya chai aliniruhusu nizipekue, na hapo ndipo niliposahau kwamba nilikuwa shangazi.

Ziko za aina nne, na kila aina inaeleza mwenye nayo alifunzwa muziki wapi.

Za kwanza ni fotokopi za vitabu vya nyimbo za Broadway na London. Hizi ndizo zinazotakiwa, na ndizo zenye jeraha. Nilidhani ni uzembe wa mtu mmoja mpaka nilipoona ya pili, ya tatu, ya saba. Chini ya ukurasa, mstari wa mwisho wa noti umekatwa. Kuna mistari mitano ya mwimbaji, kuna mistari mitano ya mkono wa kulia wa mpiga kinanda, na pale panapotakiwa kuwa na mistari mitano ya mkono wa kushoto pana vichwa vya noti vilivyokatwa shingo, au pana weupe mtupu. Mwalimu alinitolea kitabu chake kimoja, akakilaza juu ya karatasi ya A4 ili nijionee. Vitabu vingi vya aina hiyo huchapwa Marekani kwa kipimo cha inchi 9 kwa 12. A4, karatasi iliyo katika kila mashine ya fotokopi kuanzia Mwembe Tayari hadi Likoni, ina urefu wa inchi 11.7 na upana wa inchi 8.3 hivi. Kitabu kinazidi karatasi. Mwenye mashine hupangilia kichwa cha ukurasa kwanza ili jina la wimbo lisipotee, hubonyeza, na kinachobaki nje ni ukingo wa chini. Mara nyingine upande wa kulia nao hukatwa, ikapotea noti ya mwisho ya kila mstari.

"Ukifika mwisho wa ukurasa," Mwalimu alisema, "mkono wa kushoto hauna pa kushika. Na mwimbaji hajui. Yeye mstari wake ni wa juu, umekamilika. Anaona karatasi ni nzima."

"Unafanyaje, Mwalimu?"

"Nabuni. Nina sekunde ngapi za kufikiri? Nashika besi ninayodhani ingekuwapo."

Sekunde zenyewe nilizihesabu baadaye. Kipimo chenye mapigo manne, kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, huchukua sekunde mbili. Vipimo 16 ni sekunde 32. Wimbo wa polepole, wa mapigo 80, utafika 48. Desturi hiyo ya vipimo 16 imetoka kwenye usaili wa New York, ambako foleni huanza alfajiri na jopo haliwezi kusikiliza wimbo mzima wa kila mtu. Tudor foleni ilikuwa ya watu 40 hivi, lakini desturi imekuja na vitabu vyake, na vitabu vimekuja na inchi zao 12.

Sasa niseme kilichonichoma. Fotokopi ya mpwa wangu niliitoa mimi. Nilisimama pale dukani, nikalipa shilingi 5 kwa ukurasa, nikazikunja vizuri ndani ya bahasha. Sikuangalia chini ya ukurasa. Nani huangalia?

Aina ya pili ya karatasi ni ndogo na nzuri kuitazama. Ni solfa, herufi d, r, m, f, s, l, t zilizopangwa kwa nukta na nukta mbilimbili, zimeandikwa kwa mkono uliotulia, sauti nne juu ya sauti nne. Msomaji aliyepita kwaya ya kanisa au ya shule anazijua. Mwalimu Sarah Glover wa Norwich ndiye aliyeanza kuzipanga, mchungaji John Curwen akazieneza Uingereza kuanzia miaka ya 1840, na wamisionari wakazibeba hadi huku. Babu yake Mwalimu alifundisha kwaya Frere Town, ng'ambo ya kisiwa, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Mwalimu anakumbuka chati ya solfa iliyotundikwa ukutani, ngazi ya herufi kutoka chini hadi juu, na fimbo ya babu ikirukaruka kutoka herufi hadi herufi, watoto wakiifuata kwa sauti. Fimbo ikienda mahali pagumu, alisema, babu alikuwa anatabasamu.

Anayekuja usailini na solfa huwa msomaji hodari wa muziki. Anaweza kukuimbia karatasi ambayo hajawahi kuiona. Lakini jopo likiiangalia karatasi hiyo halioni noti, linaona herufi. Mwalimu ameshuhudia mtu akiambiwa hakuja na noti, na noti zimo mkononi mwake.

Aina ya tatu ni kodi za gitaa zilizochapwa kutoka kwenye simu, maneno na herufi kubwa juu yake, bila kueleza sauti inakwenda wapi. Hizi tuzipite. Ya nne ni zile kama ya mishale. Mtu hakufunzwa na yeyote, ameketi peke yake na wimbo, akatunga namna yake ya kuuandika. Nilimuuliza Mwalimu ipi kati ya hizo nne humrahisishia kazi. Alisema fotokopi, hata ikiwa imekatwa. Nikamuuliza ipi anayoipenda. Akanyoosha kidole kwenye ile ya PUMUA.

"Huyu alijua atakachokutana nacho," alisema. "Wengine wote huchagua wimbo kwa kufikiria wataimbaje wakiwa vizuri. Hapa hakuna aliye vizuri. Mdomo umekauka, pumzi imepanda kifuani, miguu si yako. Hofu inakula nusu ya pumzi uliyonayo nyumbani. Chagua wimbo wa nusu iliyobaki."

Ana njia yake ya kuupima. Anayekuja kwake kujiandaa humpandisha ngazi za jengo anamoishi, ghorofa tatu, kwa mwendo wa haraka, na pale juu, kabla hajatulia, humwambia aimbe. Mstari utakaovunjika pale ndio utakaovunjika mbele ya jopo. Haimaanishi uuache wimbo, alisema, bali anza mahali pengine. Vipimo 16 si lazima viwe vya mwanzo. Wengi huanzia mwanzo kwa mazoea, wakasimamishwa kabla wimbo haujafika unakokwenda, na jopo likabaki na picha ya mtu anayejiandaa kuimba.

Asubuhi hiyo wasichana watatu walikuja na wimbo mmoja, "Defying Gravity" wa Wicked, mchezo wa Broadway wa mwaka 2003. Wawili walikuja na "I Dreamed a Dream" wa Les Misérables, mmoja wao mpwa wangu. Mwalimu hana ugomvi na nyimbo hizo. Alisema ni nyimbo zilizojengwa vizuri, na ndiyo sababu zinawaponza. "Watu huuliza noti ya juu kabisa ni ipi. Wakijua wanaifikia, wanasema wimbo ni wangu. Waulize wimbo unalala wapi. Kuna wimbo unagusa juu mara moja, ukashuka ukapumzika. Kuna mwingine unapanda huko ukajenga nyumba, unakaa huko ukurasa mzima. Noti ile ile, lakini huu wa pili unakumaliza."

Kisha akaligusa lile neno la kwenye tangazo: unaoupenda. Hilo ndilo lililonifanya niache kikombe cha chai.

"Ulishakwenda harusi yenye taarabu?"

"Mara nyingi."

"Umewaona wanawake wakitunza?"

Nimewaona maisha yangu yote. Mwanamke amekaa kitako, ubeti wa kwanza umepita, wa pili umepita, anaongea na jirani yake kama hasikii. Ghafla mwimbaji anafika kwenye mstari fulani, naye anainuka. Noti ya shilingi iko juu kichwani, mwendo ni wa taratibu, anazunguka njia ndefu hadi mbele ili aliyekusudiwa amwone na ajue kwamba mstari huo ni wake. Wimbo ni wa mtunzi, sauti ni ya mwimbaji, bali mstari ule kwa dakika hiyo ni mali ya aliyeinuka. Anaweka pesa, anarudi kukaa, anaendelea na mazungumzo yake.

"Basi huyo," Mwalimu alisema, "anajua kuchagua wimbo kuliko hawa wote walioko nje. Hakuupenda wote. Alingoja mstari unaomhusu. Mimi mtu akinijia na nyimbo kumi kwenye simu namwambia, nionyeshe mstari ambao ungeinuka kuutunza. Na unamtunzia nani? Akinijibu hayo mawili, wimbo tumepata. Akishindwa, hata awe na sauti ya dhahabu, atakuja hapa kutuonyesha sauti."

Niliandika hayo neno kwa neno nyuma ya bahasha ya mpwa wangu. Nimesoma miongozo mingi ya wageni juu ya usaili, yote ikisisitiza kwamba mwimbaji ajue anamwambia nani na anataka nini kwake. Ni kweli. Lakini yale waliyoyaandika kwa kurasa nyingi, mama zetu wameyatembea kwa miguu kati ya viti vya harusi.

Nikamuuliza kwa nini basi hakuna aliyekuja na taarabu. Mji wa Juma Bhalo, wa Zein l'Abdin na udi wake, wa Zuhura Swaleh, na katika watu 40 hakuna hata mmoja. Alikaa kimya kidogo, kisha akaweka mikono kwenye kibodi iliyozimwa na kuanza kuhesabu vipimo kwa vidole, bila sauti. Ala zinaingia. Fidla zinauliza, zinajibiwa. Udi unapita. Akafika 16 akasimama.

"Mwimbaji bado hajafungua mdomo," alisema.

Ndivyo ilivyo. Taarabu humpa msikilizaji muda wa kukaa. Ukikata utangulizi, umebaki na maneno yasiyo na mlango. Ukikata maneno ili vipimo 16 vitoshe, fumbo halijafika kwenye fundo lake. Na karatasi iko wapi? Nyimbo hizo ziko kwenye kanda, kwenye santuri, kwenye vifua vya watu. Wachache wameziandika kwa noti, na maandishi hayo hayauzwi pale kijana anaponunua fotokopi. Niliuliza kama jopo lingekubali mtu aje na mpigaji wake wa udi. Mwalimu alisema tangazo halikukataza. Halikukaribisha pia.

Kuna jambo jingine linalowachanganya vijana wetu, na lenyewe limetoka kanisani. Kanisani mwimbaji huanza popote. Anashika kipaza sauti, anafungua kinywa, na kinanda kinamtafuta. Mpiga kinanda stadi ni yule anayempata kabla ubeti wa pili haujaingia. Waumini hupiga makofi wakijua amempata. Usailini mambo ni kinyume. Karatasi ndiyo imeshika kii, yaani sauti ya msingi ya wimbo, na mwimbaji ndiye anayetakiwa kuifuata. Kijana aliyezoea kutafutwa anasimama pale anasikia kinanda kikianza bila yeye, anadhani kimekosea. Mwalimu amelelewa na desturi zote mbili. Akimwona mtu amepotea, humfuata. Amewahi kuambiwa na mwelekezi mmoja asifanye hivyo, kwa sababu jopo linataka kuona nani ana sikio.

"Nikamjibu, mimi pia nina sikio. Nitalifanya kiziwi?"

Mpwa wangu aliitwa saa tano. Milango ilikuwa wazi kwa ajili ya joto, na tuliokuwa kwenye kibaraza tulisikia yote. Aliinama kwa Mwalimu, akamwimbia mstari wa kwanza kwa sauti ya chini ili kumwonyesha mwendo, kama alivyofunzwa shuleni. Wimbo ule huanzia chini, kwa utulivu. Alikwenda vizuri. Nilikuwa nimesimama dirishani na nikaona, kwa kuwa sasa nilijua pa kutazama, macho ya Mwalimu yakifika mwisho wa ukurasa wa kwanza na mkono wa kushoto ukinyanyuka kidogo juu ya vitufe, ukakaa hewani kwa pigo moja, kisha ukashuka mahali fulani. Mpwa wangu hakugeuza hata jicho. Besi ilikuwapo. Hadi leo sijui kama ndiyo iliyoandikwa kitabuni au ilikuwa ya Mwalimu.

Alipotoka aliniuliza, "Shangazi, umesikia?" Nikamwambia nimesikia. Lile la karatasi nilimweleza jioni.

Kijana aliyefuata sikumjua. Mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi, amekuja mjini kusoma kutoka Tana River. Hakuwa na karatasi. Mwalimu alimuuliza kwa upole, "Kii gani, mwanangu?"

"Nitaanza tu, Mwalimu."

"Wimbo gani?"

"Wa bibi. Wa kubembelezea mtoto."

Akaanza. Sauti yake haikuwa kubwa, wala hakujaribu kuikuza. Wimbo ulikuwa unayumba, unakwenda na kurudi, kama mtu anayehamisha uzito kutoka mguu huu hadi ule na mtoto begani. Hakumtazama yeyote, alitazama chini, pale ambapo mtoto angekuwa. Nilisikia vipimo vichache, kisha nikaona kitu kilichonisimamisha nywele. Kwenye meza ya jopo, mzee aliyekaa mwisho alikuwa ameanza kuinuka. Aliinuka nusu, mkono umeshika ukingo wa meza, akasita, akatazama kulia na kushoto. Dirishani karibu yangu yule fundi wa friji alikuwa amenyoosha mgongo na mikono imeshuka ubavuni.

Maana sauti ile tunaijua sote. Mwaka 1963, tume ya wanamuziki watano, Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Washington Omondi, Thomas Kalume na Peter Kibukosya, ilipewa kazi ya kuandaa wimbo wa taifa la Kenya, na ikaujenga juu ya bembelezi la Wapokomo wa mto Tana. Tumeuimba shuleni kila Jumatatu na Ijumaa, miguu pamoja, mikono ubavuni. Kijana yule alikuwa ameurudisha kwenye bega la bibi yake, na miili yetu haikujua ifanye nini.

Mwalimu hakupiga. Alikuwa ameinua mikono kwenye vitufe tangu mwanzo, akaiweka mapajani, akasikiliza hadi mwisho.

Ukumbi ulinyamaza. Kisha mmoja wa jopo akauliza, kwa adabu kabisa, "Una wimbo mwingine? Wenye noti?"

"Sina."

"Ahsante. Tutawasiliana."

Nimelifikiria swali lile mara nyingi. Sidhani aliuliza kwa dharau. Wanahitaji watu watakaoweza kusoma karatasi, kwa kuwa mchezo wenyewe umeandikwa kwenye karatasi na muda wa mazoezi ni mchache. Mtu anayeimba wimbo mmoja wa bibi yake vizuri kiasi kile, je, ataweza kuimba sauti ya pili katika kwaya ya watu 20? Huenda ndiyo, huenda sivyo, na hakuna aliyempima kwa hilo. Mzee aliyeinuka nusu, je, alimwandikia alama gani? Na kama angechaguliwa kwa sababu wimbo wake ulitugusa kwa ajili ya bendera, hiyo ingekuwa haki kwake?

Ukumbi ulipokuwa unafungwa nilimsaidia Mwalimu kukunja stendi. Nikamuuliza kwa nini hakumpigia, yeye ambaye humtafuta kila aliyepotea.

"Hakuwa amepotea," alisema. Kisha baada ya muda, huku akiviringisha waya: "Na nilijaribu. Mkono wa kulia ungeweza. Huu wa kushoto ndio tatizo. Unajua njia moja tu kwenye wimbo ule, ya gwaride. Ungekwenda huko wenyewe. Mtoto angeamka."

Alisema angependa kuuandika kabla haujamtoka masikioni. Akatafuta karatasi safi kikapuni, hakuipata, akachukua mojawapo ya zile fotokopi na kuigeuza nyuma. Alianza kuchora mistari mitano, akaacha baada ya mstari wa pili. Akageukia namna ya babu yake. Kalamu ya risasi ilikwenda polepole, herufi, nukta, herufi, midomo ikitikisika bila sauti. Mara mbili alifuta. Mara moja aliniuliza, "Hapa alishuka, au alikaa?" na nilimwambia nadhani alikaa. Kijana alikuwa ameshapanda matatu zamani.

Ilikuwa mistari minne kwa jumla, sauti moja tu. Alipomaliza alirudi juu ya karatasi, upande wa kushoto, mahali ambapo solfa huanzia. Akaandika "Kii" na nukta mbili mbele yake. Akasubiri, kalamu mkononi.

"Ulisikia alianzia wapi?"

Sikuweza kumjibu. Aliiacha wazi, akaiweka karatasi kikapuni pamoja na nyingine.